Vali Aliyoichagua Wifi

Uongo niliutunga mimi. Nalisema hili mapema kwa sababu ndugu zetu wakilisimulia jambo lenyewe humtaja wifi yangu peke yake, na yeye, kwa jinsi alivyo, hajawahi kufungua mdomo akanitaja. Amenisitiri. Kadiri anavyonisitiri ndivyo ninavyozidi kuona haya, na haya hiyo ndiyo inayonifanya leo nikae niyaseme yote.

Kiwandani tunamwita Ngazi. Ni mrefu kiasi kwamba taa ya chumba cha kukatia vitambaa ikiungua hatumtafuti fundi, tunamwita yeye na kiti kimoja. Tunashona sare: za wanafunzi, za walinzi, za wauguzi. Yeye ni mtu wa kola. Hakuna shati linalotoka mle bila shingo yake kupita mikononi mwake, na ukimpa kola iliyopinda hata kidogo anakurudishia bila neno, anakutazama tu kutoka huko juu aliko mpaka unaifumua mwenyewe. Mimi niko meza ya pili, vifungo na matundu yake.

Kaka yangu alimwoa kwa mkono wangu. Mimi ndiye niliyewakutanisha, na nisijipake mafuta hapa, sikuwakutanisha kwa sababu ya mapenzi. Timu yetu ya netiboli ilikuwa imepata mfungaji wa kweli kwa mara ya kwanza tangu kiwanda kijengwe, nikasikia anafikiria kwenda kutafuta kazi mji mwingine. Nikaona dawa ya kumtuliza mtu mahali ni kumpa mume. Kaka alikuwa mpole, ana kazi yake ya ufundi friji, na alikuwa hajui kutongoza. Nilimtongozea.

Mimi hucheza kati. Mchezaji wa kati hukimbia uwanja mzima na kubeba lawama zote, lakini kufunga haruhusiwi. Utaupigania mpira, utaunyang'anya, utaufikisha mpaka ukingoni mwa duara la goli, halafu unampa mwingine apigiwe makofi. Kabla ya Ngazi nilikuwa nawafikishia mipira watu waliokuwa wakiitazama ile pete kama tundu la sindano kwa mtu asiye na miwani. Alipokuja yeye, mipira yangu ikaanza kuwa na maana. Mpinzani akawa anatuulizia sisi wawili kwa majina. Kwa saa moja ya Jumamosi nilikuwa mtu, na Jumatatu nikarudi kwenye vifungo vyangu nikiwa bado na kiburi.

Ugonjwa ulikuja kwa kunyata. Kwanza alianza kupumzika katikati ya ngazi za kiwanda, mkono ukutani, nasi tukamtania kwamba Ngazi imeshindwa na ngazi. Nilicheka kuliko wote. Kisha kaka akaniambia mkewe halali tena chali, anaegemea mito miwili, mara mitatu, mara anaamua kukaa tu. Halafu ikaja mechi moja ambayo katikati ya kipindi cha tatu alidaka mpira wangu vizuri kabisa, akaketi nao chini taratibu, akaupakata. Midomo ilikuwa imebadilika rangi.

Hospitalini walisema jambo lenyewe ni la zamani. Alipokuwa mtoto aliumwa koo mara kwa mara, hakutibiwa ipasavyo, homa ikashuka mpaka kwenye moyo na kuharibu vali moja, kile kimlango cha kupitishia damu. Vali ile sasa ilikuwa imekakamaa, haifunguki inavyotakiwa, damu inarudi nyuma inajaa mapafuni. Haikuwa ya kurekebisha tena, ilikuwa ya kutoa na kuweka nyingine. Walikuwa na miaka minne ya ndoa bila mtoto, na daktari akasema washukuru, maana kwa moyo ule mimba ingeweza kumwua.

Siku ya kwenda kuongea habari ya vali mpya, kaka alikuwa amejifungia ndani ya chumba baridi cha bucha moja kubwa, mashine imegoma na nyama ya watu inaharibika. Akanipigia simu. "Mdogo wangu, nenda naye wewe. Sikiliza kila kitu, uniletee kama kilivyo."

Kama kilivyo. Ndivyo alivyosema.

Daktari alikuwa mama wa makamo, miwani yake ameifunga kamba shingoni. Alitoa kijisanduku mezani, akatuwekea vali mbili tuzishike. Moja ilikuwa pete yenye vibati viwili vyeusi vinavyofunguka na kufunga. Nyingine ilikuwa na vijani vitatu laini, vimetengenezwa kwa ngozi inayozunguka moyo wa ng'ombe. Ngazi aliigusa hii ya pili kwa ncha ya kidole kama anavyogusa kitambaa kipya.

"Hii ya chuma," daktari akasema, "inaweza kukaa nawe maisha yako yote. Lakini kila siku utameza dawa ya kuzuia damu isigande. Ukianguka vibaya, ukipigwa kiwiko kichwani, damu inaweza kuvuja ndani na isikatike. Hii ya ngozi, dawa hiyo utaitumia miezi michache tu ya mwanzo. Ubaya wake inachakaa. Kwa mtu wa umri wako ni miaka kumi, kumi na miwili, pengine isifike. Ikichakaa tunakufungua tena, na safari ya pili huwa ngumu kuliko ya kwanza. Kwa umri wako mimi ningependelea ya chuma, labda kama unafikiria kuzaa. Ile dawa haipatani na mimba."

"Na netiboli?" Ngazi akauliza.

Daktari akavua miwani. "Netiboli?"

"Ndiyo, daktari. Ya ligi."

"Ukiwa na ya chuma nitakukataza. Ukiwa na hii nyingine, ukapona vizuri na vipimo vikakubali, sina sababu ya kukukataza."

"Basi hiyo."

"Nenda nyumbani kwanza mwanangu, uongee na mwenzako."

"Nimeshafikiria."

Hapo ndipo nilipotakiwa kumshika mkono. Ningemwambia, wifi, ni mchezo tu, na kifua ni chako kimoja. Nilikuwa mtu mzima, ndugu wa mume, nimetumwa kusikiliza. Nilichofanya ni kuinamisha kichwa ili daktari asione nilivyofurahi.

Nje kwenye benchi akaanza kuingiwa na hofu. "Nitamwambia nini kaka yako? Yule anajua vyuma. Ataniuliza kwa nini nimeacha kitu cha kudumu nikachukua cha kuchakaa."

Sikuhitaji hata kumeza mate. "Mwambie ni kwa ajili ya mtoto. Si daktari mwenyewe amesema?"

"Amesema. Lakini mimi hilo hata sikulisikia."

"Sasa umelisikia."

 "Wifi, wewe ni mbaya," akasema, na hakucheka.

Jioni kaka alirudi ananuka gesi na nyama baridi, na swali lake la kwanza lilikuwa lile lile. "Ya chuma inadumu, ya ngozi inachakaa. Fundi gani anafunga kifaa cha kuchakaa mahali pagumu kufungua?"

Ngazi alikuwa anakunywa maji. Glasi ikabaki mdomoni, haimwagi wala haishuki. Nikajibu mimi. "Ni kwa ajili ya mtoto, kaka. Ile ya chuma ina dawa isiyopatana na mimba."

 Kaka alikuwa amevua kiatu kimoja, akakaa nacho mkononi. Kisha akanyanyuka, mguu mmoja na kiatu, akaingia bafuni na kufungua bomba mpaka mwisho. Kuta za nyumba ile ni nyembamba, bomba haliwezi kuficha mtu mzima anayelia. Alipotoka uso ulikuwa umeshaoshwa. Akamwambia mkewe, "Sikujua kwamba unanipenda kiasi hicho."

Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka, nikaaga nikaenda kwangu.

Upasuaji ulikwenda salama. Kaka akajifunza uuguzi kwa siku tatu. Alijua saa za dawa, alijua namna ya kumnyanyua bila kuvuta mikono, alimshoneshea mto mdogo wa kukumbatia kifuani kila anapotaka kukohoa, na akaufikia mlango wa wodi kila siku dakika tano kabla ya muda wa kutazama wagonjwa. Mama yetu alikuja kukaa wiki mbili. Kila jirani aliyeingia alisimuliwa jinsi mkwe wake alivyokubali kupasuliwa mara mbili katika maisha yake ili amletee mjukuu. "Huyu ndiye mwanamke," mama alikuwa anasema, akimpapasa Ngazi mguu juu ya shuka. Ngazi alizipokea sifa zile kama mtu aliyevalishwa nguo ya mwenzake, anaogopa hata kukaa isije ikakunjika. Mimi nilikuwa jikoni naosha vyombo visivyokuwa vichafu.

Kovu lilipokauka tukaanza kumtembeza. Wiki ya kwanza mpaka getini. Ya pili mpaka gereji. Mwezi wa tatu mpaka darajani na kurudi. Kaka alitangulia kwa hatua chache akirudi kinyumenyume ili amwone usoni, mimi nilikuwa pembeni na saa. Kaka alikuwa anamtembeza mama wa mtoto wake. Mimi nilikuwa namtembeza mfungaji. Yeye katikati yetu alikuwa anahema tu, na kila tukimaliza alimshukuru mumewe kwanza, kisha akanikonyeza mimi.

Mwezi wa nane wakampandisha kwenye mashine ya kukimbilia, waya kifuani, daktari anatazama kioo. Alikimbia hadi shati likamganda mgongoni. Daktari akasema arudi uwanjani taratibu, na akiona kizunguzungu asimame. Kaka akaingiza kichwa mlangoni. "Na lile jambo lingine, daktari?"

"Mwaka utimie kwanza tangu upasuaji. Halafu mje tuone."

Kaka aliitikia kwa kichwa akiitabasamia sakafu.

Siku ya kwanza ya mazoezi wanawake walimpokea kama trei ya mayai. Uwanja wetu uko nyuma ya kiwanda, kati ya kamba za kuanikia na ukuta wa stoo, na siku ile watu waliukimbia kwa kunyata. Hakuna aliyemkaribia. Alifunga magoli kumi na moja peke yake, goli la kumi na mbili hakulifunga, aliubutua mpira ukavuka ukuta.

"Nimepasuliwa kifua, sijapasuliwa akili," akasema. "Nikabeni."

Mlinzi wetu, mpishi wa kantini, mwanamke wa mabega, alikuwa karibu kulia. "Nikikugusa ukaanguka hapa, nitamwambia nini mume wako?"

Basi nikamgusa mimi. Mpira uliporudi nilimwendea kwa bega, nikampiga kikumbo ambacho mwamuzi yeyote angenitoa. Aliketi vumbini.  Akaweka kiganja kifuani, akajisikiliza kama mtu anayesikiliza hodi, kisha akaanza kucheka, akacheka mpaka akalala chini kabisa. Tukacheka wote. Sijawahi kuwa na furaha kama ya siku ile, na ndiyo inayonisumbua zaidi, kwamba nilikuwa na furaha kweli.

Mwaka ukatimia. Kesho yake Ngazi akaomba ruhusa ya saa mbili kazini. "Nisindikize," akaniambia. Nilidhani tunakwenda kwa daktari wa moyo. Tulikwenda kliniki ya uzazi wa mpango, akachoma sindano ya miezi mitatu. Nilimshikia mkoba.

"Msimu mmoja tu, wifi," akasema akishusha mkono wa blauzi. "Mmoja. Nikishika mimba sasa nitakuwa nimerudi uwanjani kwa miezi minne tu. Nipate msimu mmoja mzima, halafu nitazaa hata mapacha."

Sikumbishia. Ilikuwa mara yangu ya pili kumwacha afanye atakavyo. Miezi mitatu baadaye tukarudi kliniki ile ile, nikamshikia mkoba ule ule, na msimu ulikuwa haujaanza hata raundi ya pili. Kisha tukarudi tena.

Nyumbani kwao kaka alikuwa ameondoa spea za mafriji kwenye chumba kidogo na kukipaka rangi. Mwanzoni kila mwezi alikuwa na njia yake ya kuuliza bila kuuliza: anamnunulia mkewe maziwa, anamtazama anavyokula. Baadaye akaacha hata hayo. Nikienda kula kwao nilichagua kiti kinachokipa kisogo kile chumba, na kaka, maskini, kila mara alinihamisha, ati pale kuna joto.

Siku moja ya Jumanne, wakati wa chakula cha mchana, nilimkuta kwenye geti la kiwanda. Shati limepigwa pasi, mikono imesuguliwa mpaka kucha zimekuwa nyeupe. "Nisindikize mahali," akasema. "Wifi yako usimwambie."

Tukaingia hospitali ile ile, jengo jingine, maabara. Tulikaa kwenye foleni ya watu wasiotazamana. Kaka alikuwa na bahasha ya kaki ameibana kwapani, na ndani yake kikopo alichopewa. Watu wanne wakaitwa.

"Nadhani tatizo ni langu," akasema. "Utotoni niliugua matubwitubwi, unakumbuka? Wanasema yanaweza kumharibu mwanamume. Sasa fikiria. Mtu amekubali kuchanwa kifua, atachanwa tena, kisa mtoto. Kumbe mtoto mwenyewe mimi siwezi kumpa." Akaihamisha bahasha kwapa la pili. "Nikikutwa nalo, mdogo wangu, unadhani ataniacha?"

Huyu ni kaka yangu mmoja tu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha baiskeli kwa kukimbia nyuma yangu akiwa ameshika kiti, barabara nzima, na hakuniachia mpaka nilipomwambia niachie. Nilimtazama vidole vile vilivyosuguliwa, nikaona siwezi kukaa naye pale dakika moja zaidi.

"Kaka, tuondoke. Huna tatizo."

"Wewe umejuaje?"

"Anachoma sindano. Ya kuzuia. Hii ni ya tatu, na zote nimempeleka mimi."

Akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwa lugha nyingine. Nikaona nikinyamaza hapo sitasema tena, nikamwaga mtama wote. Nilimwambia ile vali ilichaguliwa kwa ajili ya netiboli. Nilimwambia kwamba daktari alitaja mtoto mara moja, kwa kupita, na mkewe hata hakusikia. Nilisema kwa sauti ndogo, nikitazama viatu vyake, na kila nilipodhani nimemaliza lilitoka jingine.

Mhudumu akaita namba yetu. Hakunyanyuka. Akaita tena, kisha akaita iliyofuata.

"Kwa hiyo nilikuwa namtembeza," kaka akasema polepole, "anakwenda uwanjani."

"Ndiyo."

"La mtoto nani alilifikiria?"

"Mimi."

Akavuta pumzi mpaka mwisho. "Yeye alikuwa mgonjwa. Mtu ameambiwa kifua chake kitafunguliwa, anaweza kuchagua lolote na kusema lolote, nitamwelewa. Sitafurahi, ila nitamwelewa. Wewe ulikuwa mzima. Ulikuwa unaogopa nini?"

 Kaka akanyanyuka, akaitupa bahasha kwenye pipa la taka karibu na mlango. Akapiga hatua mbili, akarudi, akaiokota, nadhani aliona aibu kuiacha pale watu wakiiona. Akaitia mfukoni, akatokea mlango ambao si wa kutokea, na mlinzi akamrudisha. Ikabidi apite mbele yangu tena.

Mchana ule ule nilimwambia Ngazi, palepale kwenye mashine yake ya kola. Alizima mashine. Alikaa akiisawazisha kola iliyokuwa mbele yake, ingawa ilikuwa sawa.

"Ungeniacha nimwambie mwenyewe," akasema.

"Lini?"

"Msimu ukiisha."

"Msimu upi, wifi?"

 Alichukua mkoba wake akaondoka kabla ya saa. Waliyozungumza nyumbani siyajui. Hakuna aliyeniambia, na sikuwa na uso wa kuuliza. Najua tu kwamba kwa siku kumi alikuja kazini macho yamevimba, hakuja mazoezini, na alinisalimia kama tunavyomsalimia mkaguzi wa kiwanda.

Siku ya kumi na moja alivuta kiti kwenye meza yangu. "Tumeelewana. Mechi zilizobaki nne nizimalize. Halafu sindano basi, twende kwa daktari wa moyo tumwulize yote, sisi wawili. Safari hii sisi wawili." Akaokota kifungo, akakizungusha kwenye vidole. "Uongo umemuuma sana. Vali hakunilaumu. Alisema kama ningemwambia kweli siku ile angegomba usiku mmoja, halafu angenipeleka mwenyewe."

Sindano ya mashine ilikuwa mbele yangu, nikaitazama hiyo. Kumbe hatukuhitaji hata kudanganya. "Na mimi? Amesema nini juu yangu?"

"Hajakutaja."

Heri angenitukana. Mtu akikutukana unajua ulipo.

Ijumaa nilikwenda karakana yake. Alikuwa amepiga magoti nyuma ya friji moja kubwa ya duka la dawa, mgongo kwangu, tochi mdomoni. Alijua ni mimi, hakugeuka.

"Uliniuliza niliogopa nini," nikasema.

Akaendelea kukaza.

"Niliogopa kubaki bila mfungaji. Bila yeye mimi ni mshona vifungo tu. Alipoichagua ile vali nilifurahi, kaka, nikatafuta neno la kukufunga mdomo usije ukambadilisha. Ndiyo hiyo. Hakuna nyingine."

Lilipotoka likawa dogo kuliko nilivyolibeba, na baya zaidi. Kaka akatoa tochi mdomoni, akaifuta kwa tambara, akafuta na mikono.

"Nilidhani utasema ulimwonea huruma."

"Hapana."

"Ungesema hivyo ningekufukuza." Akanisogezea stuli kwa mguu. Nikakaa. Tulikaa hivyo, friji ikanguruma, ikazima, ikanguruma tena. Kisha akasema, "Kesho nitakuja kutazama. Sijawahi kumwona akicheza tangu apone. Nilikuwa nasema nitamwona akiwa na mtoto."

"Njoo, kaka."

"Nina ombi moja. Amenieleza namna mnavyocheza, kwamba unamtupia mipira ya juu anairukia. Usimtupie. Mpe ya kifuani. Kila akiruka, kile kitu kinafunga kwa nguvu. Mimi nazijua vali. Kinachouliwa na kazi kinaokolewa kwa kupunguziwa kazi."

Daktari alikuwa ameshamweleza mara mbili kwamba kuruka hakuichakazi vali ile. Lakini huwezi kumwambia fundi aliyetengeneza friji miaka kumi na tisa kwamba kuna kifaa duniani kisichochoka.

"Nimekuelewa."

"Niahidi, mdogo wangu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita hivyo tangu siku ya maabara. Ningemwahidi hata mwezi. "Naahidi," nikasema.

Jumamosi alikuja na lile lile shati la maabara, akakaa benchi la mbele, mikono juu ya magoti. Tulicheza na timu ya kiwanda cha sabuni, ambayo mlinzi wake ni mrefu karibu sawa na Ngazi na ana mikono ya pweza. Vipindi vitatu nilishika neno langu. Kila mpira kifuani, mfupi, safi, na yule mlinzi akaanza kuisoma mipira yangu kabla sijaitoa. Alichukua mitano, sita. Tukawa nyuma.

Wakati wa mapumziko Ngazi akanijia, maji yanamchuruzika kidevuni. "Una nini leo? Juu, wifi. Nitupie juu."

"Yule ni mrefu."

"Mimi ni mrefu kuliko yeye." Akashusha sauti. "Nimebakiwa na mechi tatu na hii. Usinifanyie hivi."

Sikumwambia. Nilikuwa na siri tena, ya kaka safari hii, na nilishangaa jinsi mdomo wangu ulivyoizoea kazi hiyo.

Kipindi cha mwisho tulipambana kufa na kupona. Tukasawazisha. Mwamuzi akaangalia saa. Mpira ukanifikia ukingoni mwa duara, na mpira ukiwa mkononi kwako una sekunde tatu za kuuachia. Mlinzi alikuwa amesimama mbele ya Ngazi, kifua chote kimezibwa, hakuna hata upenyo wa kupitisha kola. Nyuma yake Ngazi alikuwa ameinua mikono juu, viganja wazi, ananitazama mimi tu, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyeshika kitu chake mwenyewe.

Nje ya mstari kaka alikuwa ameshanyanyuka. Naye alikuwa ananitazama mimi tu. Alitikisa kichwa kidogo, hapana.

Niliutupa juu. Wifi akaruka, na mimi sikugeuka kumtazama kaka.